App ilisema ploti yetu ni tupu, na watu walikuwa ndani

Wakuu, niaje. Mimi huwa nasoma tu za wengine na kupita, leo niacheni nami niandike. Sina chumvi ya kuongeza. Kama kuna mtu wa Kayole humu, hii story anaijua.

Miaka kumi na moja nilikuwa caretaker wa ploti ya vyumba ishirini na nne, wote wakiniita Mathe, yaani mama. Nilikaa bure, room ya chini karibu na geti. Hiyo room ndiyo ilikuwa maisha yangu.

Sasa Brayo, kijana wa landlord, akaleta app ya kusimamia nyumba na kutangaza vyumba vilivyo wazi. Akaja na Deno wa hiyo kampuni. Nawataja, sijali.

Ukifungua app unapata orodha ya hatua saba za kujifunza na kuiweka sawa. Kila hatua ina kisanduku, ukimaliza kinageuka kijani, unaingia inayofuata. "Hii list ndiyo mwalimu wako," Deno akasema.

Mimi niliishia darasa la sita. Na mwalimu mwenyewe anaongea Kizungu tupu. Nikaona aibu kusema.

Deno akachukua simu yangu, akaanza kubonyeza mbio mbio.

"Hiyo ya nne inasema aje?" nikauliza.

"Ya vyumba tu, Mathe. Usijisumbue."

Brayo akacheka. "Maliza twende, Deno. Huyu utamfundisha mpaka Krismasi?"

Zote saba zikawa kijani. Screen ikamwaga maua, asilimia mia. Nikapiga makofi, mjinga mimi. Kumbe Deno kazini hupimwa kwa wangapi wamefika mwisho. Kuelewa si shida yake.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi nafua nguo, geti likagongwa. Pickup. Kitanda, meko, kuku wawili kwa kikapu.

"Tumehamia B3."

B3 anakaa Mama Achieng na watoto wake!

Kabla sijafunga mdomo, mkokoteni huo. Halafu familia ingine. Kufika saa sita zilikuwa familia saba, wote wametoka walikokuwa, wote wananionyesha simu. App imewakaribisha. Vyumba ishirini na nne, VYOTE viko wazi.

Ni ile hatua ya nne, wakuu. Ilitaka uandike jina la mpangaji wa kila chumba. Usipoandika, app inajua hakuna mtu.

Wapangaji wakashuka ngazi. "Mathe, unapeana nyumba zetu tukiwa ndani?" Mama Achieng, ambaye nilimpeleka kujifungua mimi mwenyewe, akanitemea mate miguuni.

Landlord akaja na Brayo na Deno. Nikamwambia sikufundishwa kitu. Deno, mtulivu kama mtu wa kanisa, akatoa simu: "Mzee, system inaonyesha alimaliza training. Asilimia mia."

Nikamgeukia Brayo, alikuwepo siku ile, aseme ukweli. Brayo akaangalia viatu vyake.

Nikapewa wiki moja nitoke. Sasa niko mtaa wa Lucky Summer, nafulia watu.

Nilichojifunza: usikubali mtu akubonyezee kitu hujaelewa. Sema "hapo sijui" kabla rangi haijabadilika. Aibu ya dakika mbili ingeniachia room yangu.

Na nyinyi mnaotengeneza hizi orodha, najua mko humu. Hebu mnijibu hapa chini: kisanduku kikigeuka kijani, mnajuaje ni kidole cha nani kilibonyeza?