Kito cha Joka Siku ya Posa

Jamani, aibu hii ningeweza kuizika ningeizika, lakini Kimamba nzima wanaijua, bora niwasimulie mwenyewe kabla wengine hawajaitia chumvi.

Enzi zile za vijiji vya ujamaa, siku moja nalima shamba la kijiji, jembe likafukua kitu cha mviringo kinang'aa, kikubwa kama zambarau, na kichwa changu hiki kibovu kikakimbilia moja kwa moja kwenye hadithi za bibi, kwamba milima ya Mikumi ina joka lenye kito kwenye paji la uso, na atakayekipata akakiweka mdomoni, neno lake halikataliwi na mtu. Nikakisugua, nikakitia mfukoni, kimya.

Na neno nilikuwa nalo! Wiki ile tulikuwa tunakwenda Kilangali kumposa Zuhura, na baba yake alishawakataa wachumba wawili. Mshenga wangu, mjomba Shabani, alinipa kazi moja tu: nikifika nitoe shikamoo, halafu ninyamaze, mengine nimwachie yeye.

Basi mimi (nimevaa suruali ya bugaluu ya kuazima, pana miguuni, mafuta ya nazi mpaka shingoni) tulipokaribia mlango nikakibugia kile kito, nikakificha shavuni. Mzee akatoka na kikombe chake cha kahawa. Kufungua mdomo, kito kikateleza kikakaa juu ya ulimi, nikatoa sauti ya ng'ombe. Mzee akasubiri. Mjomba akanikanyaga. Nikajaribu tena, mate yakachuruzika mpaka kwenye kola, mashangazi ndani wakaanza kuulizana kama mchumba ni bubu, na mjomba kwa hasira akanitandika kofi la mgongo, kito kikaruka, chubwi, ndani ya kahawa ya mzee.

Akakitoa, akakigeuzageuza.

"Hii ni gololi ya trekta," akasema.

Nikajikuta naeleza yote, bibi, joka, mpaka Mikumi, na mashangazi walicheka hadi wakakaa chini. Mzee hakucheka.

"Kijana, Zuhura amenisihi mwezi mzima, nami nilishakubali. Nilikuwa nasubiri shikamoo tu."

Nikaitoa hapo hapo, kwa sauti mpaka kuku wakatawanyika.

"Marahaba utaipata baada ya mavuno," akasema, akaingia ndani.

Miezi minne nilingoja neno moja! Nililipata, na Zuhura nikampata, lakini naapa, tangu siku ile sisogelei mlango wa mtu na kitu mdomoni, hata karanga.