Siku Mama Alikataa Kuachilia Kinga

Mwezi uliopita nilirudia Kalunguta, na mutoto wa dada yangu akaniuliza kama ni kweli zamani tulikuwa tunaenda Butembo na kinga, ile baiskeli. Nikacheka. Ndiyo, ndugu yangu, na kinga, tena polepole, tukifuata kanjia ka pembeni ya mutoni.

Ilikuwa miaka ya vita. Baba alikwenda kuchuuza Kanyabayonga, barabara ikafungwa nyuma yake. Alituachia ile kinga, nayo ndiyo ilikuwa inabeba maharagi yetu mpaka soko. Nilikuwa na miaka tisa, na siku ya Mungu nilipashwa kupokea komunio ya kwanza Butembo, kwa mukaka, mama ya mama yangu. Donc, siku ya posho, jumamosi asubui, Mama akanipandisha ku portebagage, nyuma ya kiti chake.

Jirani akamwambia habari ya daraja la mutoni: "Baasikari beko ku kilalo. Ukivuka, kimbia."

"Nikimbie juu ya nini? Sikuiba kitu. Niko natembea na mutoto wangu."

Na tulitembea kweli. Mama alikanyaga akisalimia bamama ku mashamba. Tulisimama chini ya mikaratusi, tukakula mahindi ya kupika, miguu ndani ya maji. Upande wa Beni kitu kilinguruma, mvua ama bunduki, hatukujua. Mama akaniuliza swali lingine la katekisimu.

Ku kilalo asikari mumoja akashika gidoni, usukani wa kinga, akatuamuru kwa Lingala.

"Mama, pesa velo! Leta velo, ni ya jeshi sasa."

Mama akanishusha. Kisha akaikaa chini, akapitisha mukono katikati ya barayo, vile vijiti vya chuma vya gurudumu.

"Basi mutubebe na mimi. Bwana yangu akirudia, ataikuta kwangu."

Asikari akakoki bunduki. Nilijikojolea. Mama akasema, "Usilie. Nisomee Baba Yetu." Nikasoma. Bamama wakatoka ku mashamba mumoja mumoja, jembe ku bega, wakaikaa kutuzunguka.

Mukubwa wa baasikari akafika. "Kuko nini hapa?"

"Kinga yangu," Mama akajibu. "Nangojea aiachilie."

Mukubwa aliangalia wale bamama kwa murefu. "Tika ye," akasema. Mwache.

Tulipovuka nilimulilia: "Mama, kimbia!" Mais alisimama palepale ngambo, mbele ya macho yao, akaninawisha uso na miguu. Mukono wake ulikuwa unatoka damu pale barayo zilimukata. Hakuharakisha. Tuliingia Butembo jua likiwa bado juu.

Baba hakurudia. Kinga ilitusomesha, mimi na dada yangu, mpaka ikabaki vyuma vya kutu. Leo kanjia hakako tena, mashamba yamefika ku maji, na wale bamama wengi nawaulizia tu ku makaburi. Batu banapita na moto, zile pikipiki, mbio mbio, bila kusalimiana. Vita vilitunyanganya vingi, ndugu yangu. Ile siku, hapana.