Mpiga Besi wa Zimny Most

Kanisani Small Heath, mjini Birmingham, wanakosali Wakongomani wengi wa Kivu, Hugues Murhula anajulikana kama Papa Précieuse, kwa jina la binti yake, yule anayepiga gitaa la besi nyuma ya kwaya akiwa ameinamisha kichwa kana kwamba kuna kitu amekidondosha sakafuni. Siku za kazi anaendesha basi. Watu wanajua kwamba alisoma Urusi. Kwamba aliwahi kuwa katika bendi ya roki ambayo vijana wa Kirusi waliiandika jina kwenye kuta, hilo alilitamka hadharani mara moja tu, kwenye harusi. Watu walicheka.

Alizaliwa Bukavu. Alipopata nafasi ya kusomea uhandisi huko Voronezh, Umoja wa Kisovieti ulikuwa unapumua pumzi zake za mwisho, lakini yeye alichojua ni baridi tu. Katika hosteli yao alisikia kinanda kikilia kutoka chumba cha chini, penye mitambo ya kupashia maji moto. Akashuka. Ndipo alipomkuta Vadim, mwanafunzi wa muziki, mwembamba na mwingi wa maneno, pamoja na Kostya, mpiga dramu asiyesema kitu. Walikuwa wakitunga roki ile inayoitwa progresivu, ambayo wimbo mmoja unajaza upande mzima wa santuri na mapigo yanageuka kila unapodhani umeyazoea. Mpiga besi wao alikuwa amechukuliwa jeshini. Hugues alilichukua lile gitaa akalipiga kama walivyopiga nyumbani, besi ikitembea yenyewe badala ya kufuata wengine nyuma. Kostya aliacha kupiga, akamkodolea macho.

"Rudia," akasema.

Ndivyo Zimny Most, yaani Daraja la Majira ya Baridi, ilivyopata sauti yake. Katikati ya albamu ya kwanza kulikuwa na sehemu iliyotungwa na Hugues peke yake: besi tupu, kisha sauti yake ikiimba Kimashi, lugha ya kwao Bukavu, akimlilia dada yake aliyezikwa yeye akiwa mbali. Hakuna Mrusi aliyeelewa neno. Hata hivyo, walipofika hapo ukumbi mzima uliimba, Kimashi kibovu, wengine machozi yakiwatoka.

Kisha nchi ikabadilika. Jioni moja, kabla ya kurekodi albamu ya pili, vijana walionyoa vichwa, wa makundi yaliyowachukia wageni, walimkuta Hugues akisubiri basi. Walimvunja taya na vidole viwili vya mkono wa kushoto. Vadim alikuja hospitali na matufaha, ambayo mgonjwa hakuweza kuyatafuna.

"Usiende polisi kwanza," Vadim alinong'ona. "Magazeti yakiandika, watatunyima kumbi. Unanielewa, sivyo?"

Hugues, mdomo ukiwa umefungwa kwa waya, alitikisa kichwa kukataa. Vadim akampiga begani kana kwamba amekubaliwa, akasema ahsante, akaondoka.

Alipotoka hospitali, mpiga besi alikuwa mwingine. Albamu ya kwanza nayo ilitolewa upya kwa jalada jipya, jina lake halimo, picha yake haimo. Alipoamua kuondoka Urusi, ni Kostya peke yake aliyembebea sanduku mpaka stesheni. Kostya alilia, na Hugues alimchukia kidogo kwa machozi yale, kwa sababu yalikuja baada ya kila kitu kwisha.

Birmingham ilimpokea kama inavyowapokea wengine, kwa foleni. Alifanya kazi kiwanda cha magari Longbridge mpaka kilipofungwa, akajifunza kuendesha basi, akamuoa Fortunée, mwanamke wa Uvira, wakapata nyumba Hodge Hill na binti mmoja, Précieuse. Vidole viwili havikunyooka tena sawasawa, ila kwa nyimbo za kwaya vilitosha.

Précieuse alipokuwa sekondari, ilitoka filamu ya historia ya Zimny Most. Aliitafuta mtandaoni kwa hamu, kwa kuwa alikuwa amewatambia wenzake shuleni kwamba baba yake yumo. Wakaitazama wote watatu. Vadim, sasa mnene na mwenye ndevu, alieleza kwamba besi ya albamu ya kwanza aliipiga yeye mwenyewe, na kwamba ile sauti ilitoka kwenye kanda ya zamani ya nyimbo za Kiafrika.

"Dad," Précieuse akasema, "you're not even in it."

"Ni mimi ule anayeimba."

Binti aliinuka akaenda chumbani kwake, na tangu siku hiyo hakuitaja tena bendi mbele ya mtu yeyote. Hugues alimpigia Vadim simu mara nyingi. Haikupokewa hata mara moja.

Vita vya Ukraine vilipoanza, Kostya alikimbilia Tbilisi, Georgia. Kutoka huko alianza kuandika upya historia ya bendi kwenye ukurasa wake, ukweli mtupu, na mstari wa kwanza ulikuwa jina la Hugues. Vadim alibaki Urusi, akawa anawapigia wanajeshi muziki. Wakati huo huo, kwenye kantini ya madereva alikuja kufanya kazi Lesya, mwanamke wa Kharkiv nchini Ukraine, ambaye kaka yake alikuwa vitani. Kiingereza kilikuwa kinampa taabu, kwa hiyo Hugues alizungumza naye Kirusi. Alimwonyesha duka la nyama, akamtafutia daktari wa meno. Lesya naye alimwekea supu ya kiazi chekundu kila alipoipika, akamwita Hugo.

Basi mchana mmoja, akiwa mapumzikoni, simu ikalia. Ilikuwa sauti ya Vadim, kana kwamba waliachana jana.

"Hugues, ndugu yangu! Tunatengeneza filamu mpya. Safari hii jina lako liko mbele kabisa. Besi yako, sauti yako. Njoo Moscow, kutakuwa na tamasha, wageni kutoka Afrika nzima. Nitasimama jukwaani niseme nani aliutunga ule wimbo."

Neno lile Hugues alilingoja tangu ujana wake, na lilikuwa tamu. Aibu ya utamu huo hakuja kuisahau.

"Tamasha la nani?" akauliza.

"La vijana wetu walio mstari wa mbele vitani. Wanakupenda. Wanaimba ile sehemu yako."

"Vadim, ule wimbo nilimlilia dada yangu."

"Na wao wanawalilia ndugu zao."

"Hapana. Usiniweke humo."

"Miaka yote ulitaka uwekwe," Vadim akasema, akakata simu.

Filamu ikatoka vilevile. Précieuse, sasa mtu mzima, ndiye aliyeiona kwanza. Alishuka ngazi mbio na simu mkononi.

"Dad, it's you! Jina lako, look! You were telling the truth!"

Alikuwa akilia. Fortunée alisogea kutazama. "Papa Précieuse, sauti yako njo ile?" Kwenye kioo kidogo kijana mwenye gitaa, Hugues wa miaka ile, alifumba macho akaimba Kimashi, na juu ya sauti yake vilipita vifaru vya jeshi la Urusi kwenye theluji, kisha maandishi: Hugues Murhula, ndugu yetu wa Afrika, yuko pamoja nasi.

Kesho yake, kantini, Lesya alikuwa amekwisha kuiona. Aliweka simu juu ya kaunta.

"Ni wewe?"

"Ni mimi. Lakini nilikataa, Lesya. Niliwaambia wasinitie."

"Nakuamini," Lesya akasema. "Ila kaka yangu aliuawa mwezi jana, na sasa nikikuona naisikia ile sauti. Nisamehe. Usije tena upande wangu wa kaunta."

Jioni Hugues alimpigia Kostya, akamwomba afute jina lake kwenye ukurasa.

"Nifute?" Kostya akashangaa. "Hugues, ni mimi na wewe tu tunaojua ukweli. Nikifuta, atabaki Hugues wa Vadim tu."

"Futa. Sitaki kuwa mtu wa bendi ile, si kwa ukweli wala kwa uongo."

Kostya alifuta. Précieuse alipogundua alimpigia baba yake kelele, akamuuliza sasa yeye awaambie nini watu. Filamu ya Vadim haikufutika, inaendelea kutazamwa, na Hugues siku hizi chakula chake anakula ndani ya basi, mwisho wa njia, milango ikiwa imefungwa.