Jina Nililomnong'oneza Mwenye Steshenari

Mimi na wifi yangu, dada wa mume wangu, tulikuwa tunauza matobolwa. Wifi anaishi Nkololo na analima viazi vitamu. Anavichemsha, anavikata, anavianika juu ya turubai mpaka vinakauka na kuwa vigumu kama vipande vya mbao. Mimi nikiwa hapa Bariadi mjini nilivitia kwenye mifuko na kuvipeleka madukani. Mwaka juzi mnunuzi mmoja wa Mwanza akataka mzigo wa kila mwezi, lakini akasema hafanyi mkataba na akina mama wawili wasio na kampuni.

Basi tukaamua kusajili kampuni. Jina tulilipata jikoni kwangu, tukiwa tunaosha vyombo. Matobolwa ya Mayu. Mayu kwetu Usukumani ni mama, na kila mtu wa huku amewahi kupewa matobolwa na mama yake asubuhi kabla ya kwenda kuchunga au shule. Wifi alipolitamka nilisimama na sahani mkononi.

"Usimwambie mtu," nikamwambia.

"Hata kaka yangu?"

"Hata kaka yako."

Alicheka, ila mimi sikuwa natania. Zamani niliwahi kumweleza jirani kwamba nataka kuuza bagia za dengu kwenye kona ya stendi. Hazikupita wiki mbili, jirani akawa ameketi kwenye kona ileile na karai lake. Tangu hapo wazo langu nalifunga kama ninavyofunga kabati.

Kabla ya kuomba usajili ni lazima utazame kwanza kama jina halijachukuliwa na mwingine. Kazi hiyo inafanyika mtandaoni, na sisi hatukuijua, kwa hiyo tukaenda steshenari iliyo karibu na soko. Mwenyewe ni mtu wa Tanga, mpole, mwenye kofia yake nyeupe, ambaye hujaza fomu za watu siku nzima. Nyuma yetu alisimama mfanyabiashara wa choroko akisubiri kutoa kopi. Sikupenda alivyokuwa ametega sikio.

"Jina lenyewe ni lipi, mama?" akauliza mwenye steshenari.

Nikainama juu ya meza, nikamnong'oneza. Akaniomba nirudie. Nikarudia kwa sauti ileile ndogo, huku nikimtazama mtu wa choroko. Akaandika kwenye kipande cha karatasi, akachapa, akasubiri.

"Hakuna mwenye nalo," akasema. "Leteni vitambulisho vya taifa na namba zenu za mlipakodi, tuombe."

Karatasi ile hakuitupa. Aliikunja, akaitia kwenye droo. Njiani nilimuuliza wifi, "Umeona alivyoificha?" Wifi akasema labda ni kawaida yake. Jibu hilo lilinikaa vibaya. Mbona anamtetea?

Namba ya mlipakodi ya wifi ilichukua kama wiki tatu kupatikana. Katikati ya wiki hizo simu yake ikawa haipatikani siku nne mfululizo. Halafu mwanamke anayeuza nyanya karibu na steshenari akaniambia, bila kuulizwa, kwamba wifi yangu alikuja pale peke yake, akakaa kitambo, akatoka na bahasha. Kutoka Nkololo mpaka mjini, asipite kwangu hata kunywa maji!

Niliposikia namba imetoka, sikumsubiri. Nilikwenda steshenari peke yangu na jina nimeliandika vizuri kwa mkono wangu. Mwenye steshenari akachapa, akakunja uso.

"Mama, hili limeshachukuliwa."

Sikuuliza limechukuliwa na nani. Nilijiona ninajua. Nilipanda bodaboda moja kwa moja mpaka Nkololo, nikamkuta wifi anageuza viazi juu ya turubai.

"Mwadila, wifi," akanisalimu.

Sikuitikia. "Jina letu limechukuliwa."

"Na nani?"

"Ndiyo nimekuja kukuuliza wewe. Ulikwenda steshenari kufanya nini peke yako?"

Alinyooka taratibu. Akaingia ndani, akatoka na bahasha, akaimwaga miguuni kwangu. Zilikuwa picha zake za pasipoti, nne, amevaa gauni lake la kanisani.

"Nilikwenda kupiga picha, nikidhani zitatakiwa kwenye fomu za kampuni," akasema. "Simu ilianguka kwenye ndoo ya maji. Sikupita kwako kwa sababu gari la kurudi lilikuwa linaondoka. Sasa umeshaniona mwizi, nenda."

Nikaondoka. Na niseme ukweli, hata picha zile hazikunitosha. Njia nzima nilikuwa nikijiambia kwamba mtu anaweza kupiga picha na kuiba jina siku hiyohiyo.

Kesho yake nilirudi steshenari kwa shari. Nilimwambia yule bwana kwamba yeye au wifi yangu, mmoja wao ameniuza, na sitoki pale mpaka nijue. Hakupandisha sauti. Aligeuza kompyuta upande wangu.

"Soma tarehe, mama."

Jina lilikuwa limesajiliwa miaka mingi kabla sisi hatujafikiria kuuza hata kiroba kimoja. Nikamuuliza ilikuwaje basi mara ya kwanza lisionekane. Akavuta droo, akapekua, akatoa kile kipande cha karatasi. Alikuwa ameandika *Matoborwa*.

"Ulininong'oneza," akasema. "Sikusikia vizuri, na neno lenyewe si la kwetu. Watu wa huku mnaniambia balabala, mna maana ya barabara. Nikadhani hapa pia ni r, nikakusahihishia. Nisamehe, ningekuuliza."

Nilikaa kwenye benchi lake. Mtu wa kuomba msamaha alikuwa mimi, na aliyestahili kuombwa hakuwa pale.

Nilikwenda Nkololo tena na vitenge viwili, pamoja na mume wangu, kwa sababu peke yangu nisingepokelewa. Wifi alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza. Vitenge alivipokea. Akasema jina jingine tutafute, na kwamba kampuni bado anaitaka, maana viazi ni vyake.

Tulipata jina jipya baada ya wiki. Safari hii nilimtamkia mwenye steshenari kwa sauti, herufi kwa herufi, watu wote wakisikia, na lilikuwa huru. Ikabaki kusaini. Wifi alifika na binamu yake, mwalimu wa sekondari, ambaye sikuwahi kumwona. Alimkabidhi kila karatasi aisome kwanza, mstari kwa mstari, na mimi nimeketi pale pale.

"Si kwa ubaya, wifi," akaniambia bila kunitazama.

Nikamjibu kwamba naelewa. Tukasubiri mwalimu amalize.