Mabamba Yaliyopakwa Grisi

Mimi niliyeanza kwa kusukuma toroli Busia mpaka nikawa kontrakta mwenye malori mawili, sikuamini kuna kitu cha kunishangaza. Nimevuka mpaka mbele ya bunduki za wanajeshi huku natafuna muhogo. Lakini haya yalinipata Tororo, mchana kweupe, na siongezi neno.

Nilikuwa najenga tangi la maji Buteba, juu ya nguzo nne ndefu. Miaka ile ya utawala wa wanajeshi saruji ilikuwa adimu, nikaipunguza kwenye zege. Nikapeleka Tororo vipande viwili vya zege hilo vikapimwe kwa mashine ya kubana. Chumba cha vipimo kilikuwa wazi, ndani fundi mwembamba, peku.

Akapaka grisi mabamba ya chuma ya mashine, akabana kipande cha kwanza katikati yake. Kikapasuka mapema, wima, kama kuni. Nikamwamrisha afute grisi. Cha pili, bila grisi, kikabeba karibu mara mbili. Nikacheka, nikamwita mjinga.

"Zege ni lile lile, Haji," akasema. "Bila grisi, chuma kinalishika juu na chini lisitanuke. Nguzo yako ni ndefu. Katikati ataishika nani?"

Unajua nilimjibu nini? Naona haya hata kuandika. Nilimwambia akitaja kipimo cha kwanza popote, nitampeleka kwa wanajeshi.

Akanitazama kwa upole. "Walishanipeleka, Haji."

Nikadhani ananitania. Nikanakili kipimo kikubwa, nikatoka. Getini mlinzi akauliza nimetoka wapi, nikamwambia.

"Chumba gani, Haji? Ufunguo ninao mimi. Tangu wanajeshi wamchukue fundi, hakuna mtu anaingia."

Tukarudi. Kufuli mlangoni. Alipofungua, niamini, vumbi la saruji sakafuni lilikuwa na alama za viatu vyangu tu. Na vipande vyangu viko pale, vimepasuka.

Ungedhani nilisikia? Nilimwaga nguzo kwa zege lile lile. Siku tangi lilipojazwa, zilipasuka wima, kama kuni. Akina mama walitupa madebe wakakimbia. Mmoja alivunjika mguu. Mpaka leo akiniona sokoni Lumino anavuka upande wa pili.

Nyumbani kwa mke wa fundi nimefika mara nyingi. Naishia nje.

Wewe unayejenga, mtu akikuonyesha kipimo kinachokuudhi, usimtishe. Hujui ameshapitia nini. Mimi kuvunja, kujenga upya na mguu wa yule mama vilinigharimu shilingi elfu kumi na moja, mia sita na arobaini, za miaka ile.