Upepo Uliobaki Ndani ya Injini

Maji ya rejeta yaliyochemka yana harufu ya kutu na sufuria iliyoungua. Juzi nilikuwa kituo cha mafuta, mtu akafungua boneti ya pikapu karibu nami, harufu ile ikanifikia, na kabla sijajua nafanya nini nilikuwa nimekunja ngumi. Naambiwa wazazi husamehewa. Hili sijalisamehe, na ninyi nitawaeleza kwa nini.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, tulipokuwa tukikaa Kasulu, na mimi nilikuwa na miaka tisa. Baba alinunua maharage vijijini na kuyauza mjini kwa pikapu yake kuukuu. Dada yangu Leokadia alikuwa amechaguliwa kwenda sekondari ya bweni Kibondo, msichana pekee katika darasa lake. Barua ilisema mwisho wa kuripoti ni Jumatatu saa sita mchana; asiyefika, nafasi yake anapewa mwingine. Dada aliisoma barua ile mpaka ikaanza kuchanika kwenye mikunjo. Jumamosi kulikuwa na lori la mahindi linaloelekea huko, na Mama akasema apande. Baba akajibu kwamba binti yake hatashushwa shuleni kama gunia. Atampeleka mwenyewe.

Lakini pikapu ilikuwa inachemsha kwenye kila mlima. Jumapili baada ya misa akaitwa Fundi Nestori, Mrundi wa kambi ya wakimbizi ya Mtabila, aliyekuwa na kibali cha kutoka mpaka jioni tu. Akafungua injini na kutoa thamostati, kidude cha shaba kinachoenea kiganjani, chenye mlango mdogo wa kupitisha maji injini ikipata moto. Akaomba sufuria. Mama, kwa uso uliokunjamana, akampa ile ya ugali. Kidude kikachemshwa juu ya mafiga, na mlango haukufunguka. Akatumbukiza kipya kilichotoka Kigoma. Taratibu kikaachama.

"Kinafumbua jicho," Dada alisema.

Fundi alicheka, na tangu hapo alimfundisha yeye, si Baba. Alipokwisha kukifunga kidude mahali pake, tulisukuma gari mpaka pua yake ikaelekea mlimani. Akawasha injini, akaacha rejeta wazi, akawa anamimina maji kidogo kidogo huku Dada akibinya paipu ya juu. Mapovu yalipanda, yakapasuka, yakapanda mengine.

"Buhoro, buhoro," Fundi alimwambia, yaani polepole. "Upepo ukibaki ndani, mlango hausikii moto wa maji. Utakataa kufunguka."

Jua likashuka, na mapovu yalikuwa bado yanatoka. Fundi akanawa mikono, akamwendea Baba kwa adabu. "Baba Leokadia, imebaki kidogo, na mimi muda wangu umekwisha. Huyu dada ameelewa. Atamalizia. Mapovu yakikoma, afunge."

Kwenye benchi letu walikuwepo wenzake Baba wanne wa biashara, waliokuja kumuaga Dada na kunywa pombe ya ndizi. Mmoja wao akasema, "Basi kesho aendeshe huyo fundi wa kike, wewe ukae nyuma ushikilie godoro." Wote wakacheka mpaka pombe ikawamwagikia.

Baba aliinuka, akazima injini, akafunga kifuniko kwa mkono wake mwenyewe. Dada akasema kwa sauti ndogo kwamba upepo bado unatoka.

"Gari hili la nani?" Baba aliuliza.

"Lako, Baba."

Tuliondoka alfajiri, mimi na Baba mbele, Dada nyuma juu ya godoro na tranka lake. Kwenye tambarare gari lilikwenda vizuri, Baba akapiga mluzi. Kwenye mlima wa kwanza mrefu mvuke ukafunika kioo. Dada akashuka, akamwomba tusubiri injini ipoe, kisha amalizie kutoa upepo. Ilikuwa bado mapema, tungefika. Baba hakumtazama. Alichota maji ya baridi kwenye kijito, akayamimina kwenye injini ikiwa bado ya moto. Tukasikia kishindo kifupi, kama chungu kinapopasuka, na gari halikuwaka tena.

Saa sita mchana ilitupita tumekaa kando ya barabara. Dada alivua viatu vyake vipya, akavifuta vumbi, akavirudisha ndani ya tranka. Kesho yake tulifika Kibondo kwa lori la mahindi. Mwalimu mkuu alituonyesha jina la msichana mwingine kwenye orodha, na alifanya hivyo kwa upole, jambo lililoniumiza zaidi.

Tuliporudi, Baba alitangaza kwamba mkimbizi kaliua gari lake. Mbele ya wale wa benchi akaniita. "Wewe ulikuwepo. Nani alifunga kile kifuniko? Si Nestori?"

Nikasema, "Ndiyo, Baba."

Fundi Nestori hakupata tena kazi mtaani kwetu. Dada akawa anachambua maharage ya Baba, na alipofikisha miaka kumi na saba aliolewa huko Murungu.

Kwa miaka mingi nilimkasirikia yeye pia. Alijua, kwa nini alinyamaza? Kwa nini hakuamka kabla yetu akamaliza kazi aliyofundishwa? Mwaka jana nilimuuliza, tukiwa uani kwake. Alikuwa anamenya mihogo na hakuinua uso.

"Niliamka," alisema. "Nilifika mpaka kwenye gari, nikashika boneti."

"Ukaogopa kupigwa?"

"Kupigwa? Hapana. Nilijua nikilitengeneza litafika Kibondo. Lakini angejua nimeligusa, na mimi asingenipakia."

Akaendelea kumenya. Utoto wangu wote nilidhani Dada alikuwa na nafasi siku ile akaiacha impite. Hakuwa nayo. Baba alikwisha kuichukua jioni ya Jumapili, wenzake walipocheka, na ilipofika zamu yangu ya kusema ni nani aliyeichukua, nilitaja mtu mwingine.