Geti Jeusi la Kimumu

Jirani anakata ua wake wa saipresi, na harufu ya majani mabichi imeingia hadi jikoni kwangu. Nimejikuta niko tena kidato cha kwanza.

Rafiki yangu wa kwanza katika ile sekondari ya kutwa alitoka mtaa wa Kimumu. Nilimwambia nami natoka huko, ili tuwe tukirudi pamoja. Ukweli ni kwamba tuliishi mtaa mwingine, Huruma, mimi na mama, chumba kimoja. Kila jioni nilimfikisha kwao, kisha nikageuza njia.

Siku moja akasema, "Leo mimi ndiye nitakufikisha."

Nikamwonyesha geti jeusi lenye ua mrefu wa saipresi. Nilidhani ataniaga aende zake, lakini alisimama akingoja niingie. Nikabisha.

Alifungua mama mmoja nisiyemjua. Aliniangalia, akamwangalia rafiki yangu, kisha akasema, "Umechelewa leo. Ingia, chai inapoa."

Niliingia. Alinipa chai ya maziwa na viazi vitamu, akaketi mbele yangu, hata jina langu asiniulize. Sikuelewa kama alinifananisha na mtu, au alikuwa amejua kila kitu. Nilipoaga akasema tu, "Sawa, lakini kesho usichelewe hivi."

Nilipofika Huruma, mama alinipakulia ugali na sukuma. Nikasema nimeshiba.

"Umekula wapi?" akauliza.

Nilitaka kumwambia. Sikujua nianzie wapi, kwa yule mama au kwa uongo wangu, nikavuta sahani nikala.